YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na watoto wanaohama na mifugo

Ndugu mzazi/mlezi,

Habari za kazi na za mifugo. Tumefunga muhula salama. Ripoti ya mtoto iko pamoja na barua hii. Wazazi wa Darasa la Saba isomeni vizuri: mtihani wa taifa ni Septemba na hesabu bado zinatutoa jasho.

Leo nasema hasa na ninyi mliohamia huku kwetu Handeni, waliotoka Ngorongoro kuja Msomera tangu Juni 2022, na wanaofuata malisho kutoka upande wa Kilindi na Kiteto.

Mwezi Machi alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Mtoto kavaa shuka, daftari lake moja kalifunga kwa mpira wa baiskeli. Bibi akafungua fundo, akatoa noti ya elfu kumi, fedha ya maziwa ya wiki mbili. "Mwalimu, ada hii inatosha?"

Nilimrudishia. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa. Tena shilingi 10,000 ndizo zilizopangwa kuwa ruzuku ya serikali kwa shule kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na huhesabiwa kwa walioandikishwa. Mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi. Mahindi ya uji ni makubaliano yenu wazazi kikaoni. Asiyekuwa nayo, mtoto wake atakunywa uji kama wenzake.

Mwaka jana tulimrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya viatu, naye hakuonekana tena. Kosa lile ni langu. Halitarudiwa.

Nami nina ombi. Kiangazi kikianza, wavulana wanaondoka na ndama bila kuaga, kwenye daftari la mahudhurio tunabaki kuandika "mtoro" mpaka wino uishe. Mkihama, piteni ofisini mchukue barua ya uhamisho yenye namba ya PREM ya mtoto, yaani namba yake katika mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Kwa namba hiyo shule ya huko itampokea na kumbukumbu zake hazitapotea. Haichukui muda, na hailipiwi.

Tunafungua Julai. Bibi, ukisomewa barua hii, mjukuu wako amekuwa wa tisa darasani. Sare itapatikana polepole. Aje na kikombe cha uji tu, cha kuazima kimevunjika.

Wasalaam,
Mwalimu Mkuu