Marejesho yasubiri mbuzi azae

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotukopesha sisi wafugaji wadogo wa mbuzi wa maziwa huku Mgeta, milima ya Uluguru.

Mwaka jana nilichukua mkopo wa kikundi wa wiki 16, nikanunua majike wawili, mmoja akiwa na mimba changa. Wiki iliyofuata tu marejesho yakaanza, kila Jumatatu. Sasa mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Hata akizaa, dang'a ya siku za kwanza ni ya mtoto, huiuzi. Nilipe kwa maziwa yapi? Nililipa kwa kabichi, na kabichi zilipoisha nikauza mabati niliyoyaweka kwa ajili ya banda. Mwenzangu wa kikundi alimuuza mbuzi mwenyewe, akabaki na deni na kamba mkononi.

Ratiba hiyo inamfaa muuza nyanya, anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Mfugaji apewe angalau miezi sita kabla ya rejesho la kwanza, kisha alipe kila mwezi. Na mkopo uhesabu banda la kuinuliwa, pumba na dawa ya minyoo, si bei ya mbuzi peke yake.

Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba, ni kweli, lakini ni ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mzee kama mimi huisikia redioni.

Mbuzi wangu alizaa mapacha, wiki moja baada ya rejesho la mwisho.

Mfugaji,
Mgeta, Morogoro