Mama Tasha, usisaini hiyo karatasi kwanza

Mama Tasha wangu,

Watoto hawajambo? Nimeona ulinipigia mara tatu jana nikiwa kwa mat, na hapo Donholm venye kuna kelele huwezi sikia kitu, alafu kufika nyumba stima hakuna, kwa hivyo wacha nikuandikie tu yote, utasoma ukitulia. Kwanza hiyo karatasi ya Jumatatu, hiyo kontrakti ya ajenti ya kuanza upya, usisaini. Angalau usisaini kabla hujaipiga picha, kila ukurasa, hata ule wa nyuma wenye maandishi ya sisimizi.

Huo mchezo naujua. Mimi kwa ile kampuni ya Lunga Lunga Road nilikaa miezi 14, na kila miezi mitatu ajenti, yule anatuandika alafu anatupeleka kufanyia kampuni, anatuambia haya mkapumzike wiki moja mrudi msaini upya. Ukirudi mashine ni ile ile, supavaisa ni yule yule, hata leso yangu ya kichwa naikuta imening'inia pale kwa msumari venye niliiacha. Lakini kwa karatasi mimi ni mgeni, nimeanza leo!

Kulikuwa na mama tulikuwa tunapanga maboksi na yeye laini moja, yeye eproni ya bluu ya kampuni, mimi kijani ya ajenti. Siku moja kwa choo akanionyesha peislipu yake. 31,400. Mimi nilikuwa 17,000 kabla hawajakata NSSF na zile zingine, na mimi ndiye nilimfundisha ile mashine ya kufunga nailoni. Nilisimama hapo nikiikodolea macho hiyo karatasi hadi akaninyang'anya, ati tutaonekana. Na lanchi, wao ndani kantini ugali na ndengu ya bure, sisi nje kwa kibanda, nusu saa, chapo ikiiva kengele nayo inalia.

Sasa sikiza. Kibarua kwa sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 ni mtu wa kulipwa kila siku jioni, hachukuliwi zaidi ya masaa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya mfululizo, siku zikijumlishwa zifike mwezi, ama kazi yenyewe si ya kuisha ndani ya miezi mitatu, wewe ni wa mshahara wa mwezi hata kama wanakuita kasho, yaani kibarua, na kukuachisha ni notisi ya siku 28. Kwa hivyo hesabu siku zako wewe mwenyewe. Kifungu cha 5 nacho kinataka mwajiri alipe sawa kazi yenye thamani sawa, ila hapo ndo wanaponyokea, juu ajenti anasema wale wa bluu si watu wangu, kampuni nayo inasema wale wa kijani ulizeni ajenti. Unapigwa danadana hadi uchoke.

Binamu yangu ako Leicester, Uingereza, kwa godauni, naye ni wa ajenti. Akaniambia huko tangu Oktoba 2011 ukimaliza wiki 12 kwa kazi hiyo hiyo mshahara wako wa msingi lazima uwe kama wa aliyeandikwa na kampuni moja kwa moja, na kantini unaingia kutoka siku ya kwanza. Na wiki moja ya kupumzishwa haianzishi hesabu upya, mpaka ipite wiki sita! Nilicheka alafu nikanyamaza. Na usiseme ni mambo ya wazungu, Afrika Kusini kwa watu wa mshahara mdogo kama sisi, ikipita miezi mitatu kampuni unayoifanyia ndiyo mwajiri wako, mahakama yao ya katiba ilimaliza hiyo kesi 2018.

Mimi nilichelewa. Nilipoenda ofisi ya leba afisa akaniuliza una nini mkononi, na mimi sina kitu, kitabu cha geti kinabaki kwao, kontrakti sikuwahi pewa kopi. Kilichoniokoa ni meseji za M-Pesa, kila Ijumaa jina la ajenti, Ijumaa baada ya Ijumaa. Na hizo nilikuwa karibu nizifute foni ilipojaa mapicha ya Brayo. Nikalipwa notisi na siku za likizo, zile 21 za mwaka. Tofauti ya mshahara sikuona hata ndururu, na bado inaniuma, sidanganyi.

Wakikuambia bila kusaini hakuna kazi, waambie unaenda kusoma na bwanako. Si uongo sana. Jumamosi saa nne nitakuwa kwa yule kijana wa fotokopi hapa Umoja, kuja na foni ikiwa na chaji, usifute meseji hata moja, na ile kadi ya kijani ya geti kuja nayo pia. Na sufuria yangu kubwa, Mama Tasha, tangu Krismasi.

Mama Brayo