Ulinzi wa bahari kwa ndege unatuhusu hata sisi wa Mbeya

Ndugu Mhariri,

Naandika toka Uyole na najua kuna atakayesema mtu wa Mbeya na bahari wapi na wapi. Lakini mbolea inayoshushwa hapa msimu wa mvua ukikaribia, mafuta, spea za pawatila, vyote vimepita Bahari ya Hindi, kahawa ya Mbozi nayo inatoka nje kupitia bandari ya Dar, sasa meli zikianza kuogopa njia ile bima inapanda na mkulima ndo anakuja kuilipa kwenye bei ya mfuko.

Ndo maana nawafuatilia sana Ushelisheli. Visiwa 115, nchi kavu yote kama kilomita za mraba 455, watu laki moja na kitu, ila eneo lao la bahari linapita kilomita za mraba milioni 1.3, yaani kubwa kuliko Tanzania nzima! Wanaishi kwa jodari na watalii, na kule 2009 na 2010 maharamia wa Kisomali walifika mpaka kwao. Hapo boti utazipanga vipi? Mtu aliyekaa kwenye boti ndogo upeo wake ni kilomita 4 au 5 tu na hapo bahari imetulia, ndege ikiwa juu mita 1000 inafika kama kilomita 110, bado haujaweka rada. India wakawapa Dornier 228 mwaka 2013, nyingine 2018, ndege ya propela yenye injini mbili, haihitaji uwanja mrefu, ikiona jahazi la mashaka inawaelekeza wanamaji waende moja kwa moja.

Huku Ziwa Nyasa shida ya kutafuta kwa macho tunaijua. Mwera ukivuma na mtumbwi haujarudi Matema, boti mbili tatu zinaingia majini, wimbi likinyanyuka linaficha kila kitu, mtu anaweza kuwa jirani kabisa wakampita.

Ila kupewa ndege ni mwanzo tu. Chumvi inakula bodi na injini, lazima ioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, kuna spea, kuna mafundi, na ukitegemea mafundi wa aliyekupa basi siku mkikorofishana ndege inalala hanga. Mimi naona nchi ya visiwa isomeshe mafundi wake kwanza, na ndege iwe chini ya wanamaji wenyewe, sio rubani anasubiri kibali cha ofisi nyingine huku jahazi linakatiza usiku.

Na sisi tuna Unguja, Pemba na Mafia, na majahazi ya heroini toka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, yanashuka mpaka huku kwetu. Naomba gazeti lako lituulizie wahusika, vijana wanaosoma ufundi wa ndege pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kuna mpango wowote wa kuwaandaa kwa doria ya baharini, au wote wanaelekea ndege za abiria?

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya