Kiunzi cha mnyama hakitaki moto wala klorini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nipinge ushauri unaopokezanwa na wanaoanza kusafisha na kuunga mifupa ya wanyamapori: kwamba mzoga utokoswe hadi nyama iachie, kisha mifupa itumbukizwe kwenye klorini ya kufulia ili ing'ae. Ushauri huu unapendwa kwa kuwa matokeo huonekana siku hiyo hiyo. Hasara yake huonekana baadaye, wakati hakuna tena la kufanya.

Kiasi cha theluthi moja ya uzito wa mfupa mkavu ni protini, hasa kolajeni, na ndiyo inayoupa mfupa ukakamavu usiokatika ovyo. Maji yanayochemka huigeuza kolajeni kuwa jelatini, ikatoka na mchuzi. Wakati huo huo mafuta ya uboho yanayeyuka na kupenya kwenye vitundu vya mfupa, na miezi kadhaa baadaye yanachomoza kuwa madoa ya njano yanayonata vumbi. Klorini nayo hula kolajeni iliyobaki, na haiachi kula hata baada ya kusuuzwa. Vifupa vyembamba kama karatasi vilivyo ndani ya pua ndivyo hutangulia kuharibika, kisha ncha za mbavu, kisha mfupa wowote ukiusugua kwa kidole unaacha unga mweupe.

Njia iliyo salama ni kuozesha nyama ndani ya ndoo: maji ya kawaida, bakteria na subira. Lakini kabla ya ndoo kuna kibali. Katika nchi nyingi mabaki ya mnyamapori, hata aliyegongwa na gari, ni nyara za serikali, na kuyachukua bila ruhusa ya maandishi ni kosa. Kuvusha mpakani mifupa ya spishi zilizolindwa kunadhibitiwa pia na mkataba wa CITES, unaotumika tangu 1975. La pili ni afya. Mzoga uliovimba upesi, usiokakamaa, unaotoka damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, usiguswe wala kupasuliwa. Hizo ni dalili za kimeta, na vijidudu vyake vikipata hewa hujigeuza mbegu sugu zinazodumu udongoni miaka mingi. Mbweha, nguchiro na popo wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa, kwa hiyo glavu na miwani ya kinga ni lazima unapofika kichwani.

Kabla ya kuchuna, pima urefu kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, na kimo cha bega, kisha upige picha za nyayo kila upande. Vipimo hivyo vitahitajika sana mwishoni. Wakati wa kuchuna, wengi hutupa mifupa bila kujua: vifupa vya shina la ulimi hutupwa pamoja na koo, kilegesambwa hubaki ndani ya kano ya goti, mfupa wa uume wa mbweha dume huenda na ngozi, na mtulinga wa jamii ya paka, ambao ni kijiti kinachoelea ndani ya msuli, hauonwi na anayepasua kwa haraka. Kila mguu kuanzia kifundo kwenda chini uutie kwenye soksi yake ya nailoni. Usitegemee wino, kwa sababu maji ya kuozesha huufuta. Funga mafundo kwenye uzi: moja mbele kulia, mawili mbele kushoto, matatu nyuma kulia, manne nyuma kushoto. Mbavu za kulia na za kushoto zitenganishwe vivyo hivyo, na mkia uwe na soksi yake.

Nyama kubwa ikishaondolewa kwa kisu, loweka mifupa kwenye maji baridi siku moja au mbili, ukiyabadilisha mpaka yasitoe tena wekundu. Damu isipotoka mapema huacha doa la kahawia ambalo halitoki kirahisi. Kisha ndoo ya plastiki, maji ya mvua au ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini yake ipungue, mifupa yote izame, na mfuniko uegeshwe tu. Usitie chumvi, sabuni wala dawa yoyote, maana kazi yote inafanywa na bakteria na wewe utakuwa unawaua. Joto la nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi linawafaa sana. Chini ya 20 kazi inazorota, na mzoga wenye mafuta mengi unaweza kugeuka nta nyeupe ngumu inayosumbua kuliko nyama. Zaidi ya 50 wengi wao hufa. Mnyama wa ukubwa wa nguchiro kwenye joto zuri huchukua wiki 2 au zaidi kidogo, na mbweha zaidi ya hapo; bila joto, hesabu miezi. Kila unapopunguza maji, acha nusu ya yale ya zamani, na usimwage hata kikombe bila chujio lenye matundu madogo. Jino moja la mbele au kifupa cha kiganja kikishaingia mtaroni, hakuna duka la kukinunua.

Mnyama mchanga anahitaji tahadhari nyingine. Vichwa vya mifupa yake mirefu bado vimeshikwa na gegedu, na fuvu bado lina mishono iliyo wazi, hivyo maji yatakurudishia vipande vingi kuliko ulivyotarajia. Kwa huyo, na kwa popo au panya, mbawakawa wa jenasi ya Dermestes ni bora: mabuu yake hula nyama iliyokaushwa na ukiyatoa mapema huacha kano zikiwa zimeshika mifupa mahali pake. Lakini yakitoroka yatakula ngozi, sufu na vielelezo vingine, kwa hiyo yafugwe kwenye tangi la kioo lenye kuta laini, na mifupa ikitoka humo ikae kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri siku kadhaa ili mayai yafe.

Kuondoa mafuta ndiko kunakorukwa zaidi, na ndiko kunakoamua kiunzi kitanukaje baada ya mwaka. Tumia maji ya nyuzi 40 hivi na sabuni ya vyombo isiyo na dawa ya kung'arisha. Yakifanya ukungu au utando juu, badilisha. Hii huchukua wiki, na kwa mnyama mnene miezi. Mifupa ya mapaja na mikono uitoboe tundu la milimita 1 au 2 kwenye uso wa kiungo, mahali patakapofichika, mafuta ya uboho yapate njia. Usiamini mfupa uliolowa, kwa sababu kila mfupa uliolowa unaonekana safi. Utoe, uukaushe kivulini siku kadhaa, na ukiona sehemu inayopenyeza mwanga kama karatasi ya maandazi, urudishe. Juani usiuanike: meno hupasuka na mfupa hufanya nyufa.

Kung'arisha ni hiari. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa inatosha kwa siku moja au mbili, ndani ya chombo cha plastiki kisichofungwa kabisa, kwa sababu oksijeni inayotoka inaweza kukipasua. Wanaotumia asetoni kuondoa mafuta wahakikishe mifupa imekauka kabisa kabla ya hatua hii, maana asetoni na peroksaidi zikikutana zinaweza kuzaa kilipuzi. Rangi ya mfupa mzuri ni ya maziwa. Ukilazimisha weupe wa chaki utapata chaki kweli.

Sasa kuunga. Tandaza kitambaa na upange pingili zote za uti wa mgongo kabla ya kugusa gundi. Mbweha ana pingili 7 za shingo, 13 za mbavu, 7 za kiuno na 3 zilizoungana za nyonga. Za mkia hutofautiana. Miiba inayochomoza juu ya pingili za mbavu hulalia nyuma, ya 11 husimama wima, na zinazofuata huinamia mbele, kwa hiyo pingili iliyokosea nafasi hujionyesha. Kichwa cha ubavu hukaa kati ya pingili mbili, yake na iliyo mbele yake. Pitisha ufito wa alumini wa milimita 3 au 4 ndani ya mfereji wa uti, ukiupinda kwanza kufuata mkao wa mgongo. Kuupinda baada ya kupitisha huvunja matao ya pingili. Kati ya pingili na pingili weka kipande cha silikoni au kitambaa kinene mahali pa gegedu iliyooza. Usipoweka, mnyama hufupika, na hapo ndipo vipimo vya kabla ya kuchuna vinapokusahihisha.

Kosa linaloonekana hata kwenye viunzi vilivyotunzwa vizuri ni kombe la bega. Halina kiungo cha mfupa na kiwiliwili. Mnyama hai hulishikilia kwa misuli tu. Watu huligandisha kwenye mbavu, au hulipandisha juu ya mgongo. Lisimamishe milimita chache nje ya mbavu kwa waya, ukingo wake wa juu ukiwa chini kidogo ya ncha za miiba, nalo likilala kwenda chini na mbele hadi kiungo cha bega kifike karibu na ubavu wa kwanza. Kigasha kina mifupa miwili, na ule wenye kiwiko huanzia nyuma kwa ndani na kuishia upande wa nje wa kifundo. Ukiipanga mifupa hiyo miwili sambamba, wayo utatazama pembeni. Nyayo ziungwe kwenye sinia la mchanga, soksi moja baada ya nyingine, bila kufungua mbili kwa pamoja, na mbweha asimamishwe kwa vidole, kisigino kikiwa juu.

Waya uwe wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu, kwani ule wa kawaida huchora madoa ya rangi ya chungwa ndani ya mfupa. Gundi iwe inayoweza kuyeyushwa na kuondolewa baadaye: nyeupe ya mbao kwa meno, na kwa viungo Paraloid B-72, yaani plastiki angavu ya akriliki, iliyoyeyushwa kwa asetoni. Gundi ya papo kwa hapo hukauka ikawa kama kioo na kuachia, na epoksi haikupi nafasi ya pili.

Chini ya ubao bandika karatasi yenye spishi, jinsia, mahali na tarehe mnyama alipopatikana, sababu ya kifo kama inajulikana, na namba ya kibali. Namba hiyo hiyo iandikwe kwa wino mweusi kwenye fuvu na kwenye taya ya chini, juu ya tabaka jembamba la Paraloid, kwa kuwa taya ndiyo hupotezana na fuvu lake mapema zaidi.

Msomaji wenu