Barua kwa binti yangu rubani, kabla ya tarehe 30

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa presha ya mama yako inayopanda na kushuka kama unavyoijua, na dawa anakunywa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu juzi katika simu ulikuwa unanijibu "sawa baba" kila nilipomaliza sentensi, na umri nilio nao unatosha kunijulisha kwamba "sawa baba" ya namna ile ni ya mtu aliyekwisha kuamua na anangoja mzee anyamaze. Barua utaisoma ukiwa umetulia, na ninakuomba uisome kabla ya tarehe 30 ambayo Emirates, shirika la ndege la Dubai, wanataka jibu lako la kazi waliyokupa.

Nianze na pongezi, maana mdogo wako amenikumbusha kwamba siku ile sikuzitoa. Emirates wana Boeing 777 na Airbus A380 nyingi kuliko shirika lingine lolote duniani, na wamekuita wewe, uliyeanza kuhesabu saa zako za kuruka kwa ndege ya injini moja huku ada ikipatikana kwa awamu. Nimewaambia watu wawili tu pale msikitini, na nimejisikia vizuri sana kuwaambia. Basi usinielewe vibaya. Sijasema usiende. Nimekuuliza swali moja, hukulijibu, na nitaliuliza tena katika barua hii mpaka ulijibu: siku utakayorudi, utarudi na nini?

Una miaka 29. Rubani wa ndege za abiria za kimataifa anaruhusiwa kuruka hadi miaka 65, kwa hiyo mbele yako ipo miaka 36 ya kazi, kama Mungu akikujaalia afya ya macho, moyo na masikio. Unaniandikia mshahara wa Dubai usiokatwa kodi, nyumba wanayotoa na ada za watoto ambao bado hujawazaa. Vyote hivyo ni kweli na ni vizuri, lakini unanielezea mwaka wa kwanza na wa pili, na mimi ninauliza kuhusu mwaka wa kumi na mbili. Mafundi walionifundisha kazi ya ufundi wa ndege walikuwa wa East African Airways, shirika lililoruka hadi London na Bombay, na mwaka 1977 lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, ndipo zikazaliwa Air Tanzania na Kenya Airways. Air Tanzania nayo, kabla ya ndege mpya za mwaka 2016, ilikuwa imebakiwa na ndege moja inayoruka. Kenya Airways ilikaa zaidi ya miaka kumi bila faida hadi ilipoipata mwaka 2024. Fastjet uliipanda wewe mwenyewe ukienda Mwanza. Ilianza hapa mwishoni mwa 2012 na kufikia mwisho wa 2018 haikuwapo tena. Na usiniambie kwamba Dubai ni tofauti, kwa sababu mwaka 2020 Korona ilipofunga anga, zile A380 ziliegeshwa injini zikiwa zimefunikwa, na shirika likapunguza watu kwa maelfu, marubani wakiwamo. Walioondolewa hawakuwa wabaya wa kazi. Wale waliokuwa na saa za ukapteni walikuwa na kitu cha kuonyesha mahali pengine anga lilipofunguka.

Hapo ndipo ninapotaka utulie. Kazi yenu si kama ualimu wa mama yako, ambaye akihama kutoka Korogwe kuja Muheza anahama na daraja lake. Rubani akihama shirika, kwa kawaida anaingia mwisho wa orodha ya waliotangulia kazini, hata kama alikokuwa alikuwa wa tatu kutoka juu, na orodha hiyo ndiyo inayoamua nani aende kozi ya ukapteni, nani apate njia nzuri, na nani alale nyumbani siku ya Idi. Wewe una saa 2,300, na ukiondoa zile za mafunzo, zote umezikaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Leseni ya juu unayo, kwani saa 1,500 inazodai ulishazivuka mwaka juzi. Shirika ulilopo limekuweka katika kozi ya ukapteni ya mwezi Machi, ikiwa ulinieleza sawasawa. Ukiondoka sasa, unaiacha nafasi hiyo mlangoni kabisa, unakwenda kuwa rubani msaidizi chini ya mamia ya wasaidizi wengine, na ukapteni utakuja pale orodha itakapokufikia, ikiwa itakufikia kabla ya msukosuko mwingine. Ukingoja ukakaa kiti cha kushoto, cha kapteni, hata mwaka mmoja na nusu, saa zile za ukapteni hakuna atakayekunyang'anya. Utakwenda nazo Dubai, Doha, Addis Ababa, popote, na siku utakayorudi utarudi nazo.

Najua unaona haya kuitwa kapteni wa pangaboi, ndege ya mapanga, wakati wenzako uliosoma nao wanapiga picha mbele ya Dreamliner. Sijui kwa nini uone haya. Ndege ya pangaboi inatua mara sita kwa siku katika viwanja vifupi, penye upepo wa ubavuni na mvua ya ghafla, na kila kutua ni uamuzi. Anayekwenda Ulaya usiku kucha anatua mara moja, na msaidizi mara nyingine hata hiyo moja hapewi. Unalijua hili kuliko mimi, ila ukiwa umekasirika na mabosi wako unalisahau.

Kuhusu Air Tanzania, ambayo mama yako anaitaka kwa sababu tu utakuwa unalala Dar es Salaam, mimi sina neno baya. Dreamliner ya kwanza ilipotua Julai 2018 nilisimama mbele ya televisheni kama mtoto. Boeing 737 MAX 9 walizoanza kupokea Oktoba 2023 zingekupa ndege ya jeti bila kuhama nchi, na hilo si dogo. Ila waulize wenzako walivyokaa wakati Airbus A220 zilipowekwa chini kwa matatizo ya injini, matatizo ambayo hayakuwa yetu peke yetu, kwani yaliwakumba wengi waliotumia injini zile. Ndege ikikaa chini, fundi ana kazi mara mbili, lakini rubani hana hata saa moja ya kuandika kwenye daftari lake la saa za kuruka. Kwa hiyo kabla ya kusaini popote uliza ndege ulizopangiwa ni ngapi, zinazoruka leo ni ngapi, na marubani wanaozigombania ni wangapi. Swali hilo halijibiwi kwenye tangazo la kazi.

Hoja yako kwamba mashirika yetu yamefungiwa Ulaya siwezi kuikataa. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania, na hilo lako likiwamo, katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, kwa sababu ya mapungufu katika usimamizi wa usalama. Mimi niliyefunga waya wa usalama kwenye nati za injini kwa miaka zaidi ya thelathini, nikihesabu misokoto kwa kidole, habari ile ilinikata. Sina cha kuitetea. Lakini daftari lako la saa halimo katika orodha ile, mwanangu. Saa uliyoiruka kwa uangalifu ni yako.

Sasa nikueleze jambo ambalo ulilijua nusu. Nilipokwenda Muscat mwaka 1997 ulikuwa na mwaka mmoja. Upweke haukunisumbua sana, maana kule nilikuta Waswahili tele, ukiingia dukani unajibiwa Kiswahili kama uko Tanga. Kilichonisumbua ni kwamba shirika lililoniajiri, ambalo silitaji, lilikuwa na mafundi wengi wa injini, nami nikapewa viti na matairi. Mshahara ulikuwa mara nne ya wa hapa, nikanyamaza. Leseni ya ufundi hudai uthibitishe kwamba umefanya kazi yenyewe kwa miezi isiyopungua sita katika kila miaka miwili, na mimi kwa miaka mitano injini niliiona kwa mbali. Niliporudi mwaka 2002, vijana niliowafundisha kushika spana walikuwa wamekwenda kozi mbili, wamepanda, na mimi nikawa ninawapelekea fomu wasaini. Nyumbani mliambiwa kwamba shirika lile lilifunga. Halikufunga. Mkataba wangu uliisha na kifungu cha kuongezewa muda sikuwa nimekisoma. Mama yako anajua, na hajawahi kunitupia maneno, ingawa ile miaka mitano alikulea peke yake. Nilirudi na friji, na friji lenyewe ndilo lile la jikoni ambalo halifungi mlango vizuri.

Huenda ndiyo maana unaniona king'ang'anizi. Mwaka jana niliposafiri kwenda Mwanza kumzika shemeji, sikukwambia kwamba nilikuona. Nilikuwa nimekaa kiti cha dirishani katika ndege iliyokuwa jirani na yenu, nawe ulikuwa chini unazunguka ndege kabla ya safari, ukiwa na tochi ijapokuwa jua lilikuwa limeshatoka. Ulifika kwenye panga la kulia, ukapitisha dole gumba ukingoni taratibu kutoka shinani hadi nchani, ukasimama mahali fulani, ukarudisha kidole, ukainama ukaangalia. Hukutosheka mpaka ulipomwita fundi. Abiria aliyekaa karibu nami alilalamika kwamba wanawake wanachelewesha ndege. Sikumjibu. Nilitaka kumwambia huyo ni mwanangu, lakini sauti haikutoka. Nilipaswa kukupigia simu siku ile ile, na sikupiga.

Ukishaamua kwenda, basi nenda ukiwa umesoma. Kwanza deni la mafunzo: ulipofundishwa ndege unayoruka sasa ulisaini kwamba ukiondoka kabla ya muda utalipa gharama zilizobaki, na Dubai nao wakikufundisha ndege mpya wanaweza kukufunga kwa namna hiyo hiyo. Usije ukawa unalipa huku na umefungwa kule. Pili, uliza watakufanyia nini ukikosa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Cheti hicho unapimiwa kila mwaka, na daktari akisema hapana kwa sababu ya sukari au moyo, urubani umekwisha asubuhi hiyo, hata kama una miaka 38. Kwetu presha ipo upande wa mama na sukari upande wangu, kwa hiyo bima ya kupoteza leseni kwako si anasa. Tatu, kule kibali chako cha kuishi kinafungamana na kazi, nyumba ni ya kazi, na chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi, hivyo siku kazi itakapokwisha utakuwa unatafuta pa kulala na pa kuruka kwa pamoja. Waliotangulia wapo, waulize. Usiwaulize walioanza mwaka jana, waulize waliorudi.

Suala la hati ya shamba iliyoko benki kwa ajili ya mkopo wako wa masomo usiliingize katika uamuzi huu. Mama yako amekuambia nisichotaka uambiwe. Mkopo unapungua, michungwa ipo, na mimi nilisaini nikijua ninachosaini, safari hiyo angalau. Ila msimu huu dalali alikuja kutaka kununua machungwa yakiwa bado mtini, kwa bei ambayo ingetuacha na nauli tu, nikamkatalia, na sasa nina hofu kwamba nilikuwa mkali kupita kiasi kwa sababu hajarudi. Mdogo wako anasema tuyapeleke Dar es Salaam wenyewe kwa fuso la kukodi. Ukipata nafasi tuulizie bei ya soko la Buguruni, bei ya asubuhi si ya jioni.

Pampu ya kisima uliyonunua imekufa tena. Fundi anasema ni kapasita, mimi nimeifungua na ninasema ni beringi, na Alhamisi atakuja tubishane. Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama kule Dubai mtu anaweza kupata mume wa Tanga, nami nimemwambia wako tele, ila wewe hujakwenda bado.

Nitumie kurasa za mkataba zinazohusu deni la mafunzo, kuachishwa kazi na ukapteni. Mtumie mdogo wako, atazichapa kule steshenari, maana herufi za kwenye simu siziwezi tena hata kwa miwani mipya. Nitazisoma Jumatano usiku. Piga simu Alhamisi baada ya alasiri, fundi wa pampu akiwa ameshaondoka, na nitakapokuuliza swali langu usiniambie "sawa baba".

Wako,
Baba