Kabla hujanunua nyuzi mpya za gitaa, futa hizo ulizo nazo

Sisi tunauza nyuzi, kwa hiyo ushauri huu hautusaidii kimapato. Lakini kila Jumatatu wateja huingia karakanani kwetu hapa Kampala na lalamiko moja: gitaa limekuwa bubu, halikai kwenye sauti, nipeni seti nyingine. Tukipitisha kidole chini ya nyuzi kinatoka cheusi. Mara nyingi seti yenyewe bado changa, ila haijawahi kuguswa na kitambaa tangu ifungwe.

Kinachoua nyuzi mapema ni jasho. Lina chumvi, na vidole vinaacha mafuta na ngozi inayopukutika kila unapobonyeza. Kwenye gitaa la akustika, nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu chenye ngozi nyepesi ya bati, na chumvi ikikaa huota kutu. Zile nne nene zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa bronzi, na uchafu hujificha katikati ya mizunguko ya waya. Uzi ukishakuwa mzito hapa na mwepesi pale, hautetemeki sawasawa. Mlio mkali wa juu ndio unaotangulia kupotea. Halafu unaanza kusumbuka na sauti: uzi ukiwa wazi, bila kubonyezwa, umekaa vizuri, ukibonyeza freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) umehama. Watu wengi hapo humlaumu fundi.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina mchango wake. Entebbe na sehemu zote zilizo karibu na Nyanza Victoria hewa ni ya majimaji karibu mwaka mzima, na kuanzia Machi hadi Mei mvua inaongeza. Ukienda Arua wakati wa kiangazi, kinachokusumbua ni vumbi jekundu, ambalo likikutana na jasho linakuwa tope ndani ya mizunguko ya waya.

Lakini gitaa linaloteseka kuliko yote ni la kanisa. Mpigaji wa ibada ya asubuhi analiacha, wa ibada ya Kiswahili analichukua, jioni vijana wanafanyia mazoezi, Ijumaa kuna kesha hadi alfajiri. Mikono minne au mitano, na kila mmoja anajua si lake. Linarudishwa kwenye begi likiwa bado na joto, zipu inafungwa, jasho linabaki humo linapika nyuzi wiki nzima. Viongozi wa sifa, tunawaomba jambo moja: wekeni kitambaa ndani ya begi, na anayepiga wa mwisho ndiye afute. Asipotajwa mtu, hakuna atakayefuta.

Kufuta kwenyewe watu wengi hukosea. Wanapitisha kitambaa juu ya nyuzi mara moja, basi. Uchafu uko chini, upande unaotazama ubao wa shingo, kwa sababu ndiko uzi unakogusana na freti na vumbi la vidole. Chukua kipande cha fulana ya pamba iliyochakaa, kipitishe chini ya uzi mmoja, kikunje kiukumbatie uzi kote, kisha kivute kutoka kwenye kidaraja hadi kichwani, ukibana kidogo. Rudia mpaka kitambaa kiache kutoka na mstari mweusi, halafu uende uzi unaofuata. Ni kazi ya dakika mbili tatu. Na kabla ya kupiga, nawa mikono ukaikaushe, hasa kama umetoka kula chipsi au rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Tunasema kwa sababu tumeona.

Uchafu ukishaganda, tumia spiriti ya famasi. Soma chupa kwanza: nyingine huchanganywa mafuta ya mbarika kwa ajili ya ngozi, hizo ziache. Tia matone machache kwenye kitambaa, kamwe usimimine kwenye gitaa. Ingiza kadibodi nyembamba kati ya nyuzi na ubao, kwa sababu spiriti hukausha mbao na inaweza kuyeyusha vanishi, hasa kwenye magitaa ya zamani. Gitaa la nyuzi za nailoni halihitaji haya yote. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kuna dawa za mtaani ambazo tungependa zife. Mafuta ya kupikia na vaselini hufanya uzi uteleze siku moja, kesho yake umekusanya vumbi lote la barabarani. Nyuzinyuzi za chuma za kusugulia sufuria zinakwangua uzi, na kwenye gitaa la umeme ni balaa zaidi, kwani chembe zake hung'ang'ania sumaku zilizo chini ya nyuzi na kuzitoa ni shughuli.

Kuchemsha je? Kwa gitaa la besi, ndiyo. Nyuzi za besi ni ghali na ni nene, kwa hiyo zinastahili sufuria. Zifungue bila kuzikata, zichemshe dakika chache katika maji safi, zifute na uzikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha. Mlio unarudi kwa kiasi, ingawa haudumu kama wa uzi mpya. Kwa gitaa la kawaida hatushauri, kwa sababu uzi mwembamba uliokwisha kupindwa kwenye kigingi cha kukazia ukinyooshwa na kupindwa tena hukatikia hapohapo. Na wapo wapiga besi wasiotaka mlio mpya kabisa: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya kule Detroit, Marekani, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Kama unautafuta mlio huo mzito wa kufifia, okoa pesa yako.

Ukifika wakati wa kununua, chagua kulingana na mkono wako. Bronzi ya 80/20, yaani sehemu 80 za shaba na 20 za zinki, hung'aa sana ikiwa mpya lakini hufifia upesi kwa mtu anayetoka jasho jingi. Fosfa bronzi, ambayo watengenezaji wa nyuzi D'Addario waliileta kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974, huvumilia zaidi. Zipo pia zilizovikwa utando wa plastiki, kama Elixir zilizoingia sokoni mwaka 1997. Bei yake ni ya juu, lakini kwa gitaa la kanisa linaloshikwa na kila mtu, sisi tungeweka hizo. Utando ukianza kutoka vinyweleo mahali pa kupigia, usiuchune. Bado unalinda sehemu nyingine.

Kuna uzi ambao kitambaa hakiwezi kuuokoa. Pitisha ukucha chini yake juu ya kila freti: ukihisi kijishimo, chuma kimeliwa, ubadilishe. Vivyo hivyo ukiona kutu inayokwaruza kidole, au waya wa nje umeanza kulegea na kuvuma.

Ila uzi ukikatika, ukaweka mwingine, nao ukakatika mahali palepale, usirudi dukani kununua wa tatu. Lete gitaa. Karibu kila mara tunakuta ncha kali kwenye kidaraja, kwenye kigingi au kwenye mfupa wa juu ya shingo. Tunailainisha kwa msasa mwembamba, kwenye vijia vya mfupa tunapaka risasi ya penseli ili uzi uteleze, na tatizo limekwisha. Kazi hiyo ni ndogo na bei yake ni chini ya seti moja ya nyuzi. Kusafisha nyuzi na ubao hatulipishi kama umekuja kufunga seti mpya au kurekebisha kitu kingine.

Wateja wa Arua, Gulu na Mbarara mnaotutumia magitaa kwa basi: legezeni nyuzi mizunguko miwili mitatu, msizitoe zote. Jazeni nguo laini chini ya kichwa cha gitaa ndani ya begi, na muandike namba yenu ya simu kwenye karatasi iliyo ndani, siyo nje peke yake, kwa maana lebo za nje hung'oka njiani.