Magendo ya vita hayana mlalamikaji

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu hadithi ya upelelezi mliyoichapa Jumapili iliyopita, inayomhusu mpelelezi wa London anayewasaka walanguzi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwandishi anajua kusimulia, na giza la mitaa iliyozimwa taa kwa kuhofia ndege za Wajerumani amelitumia vizuri sana. Tatizo ni kwamba magendo ameyaandika kana kwamba ni wizi wa benki: lipo genge, lipo ghala, ipo bastola, na ghala likishapatikana kesi imekwisha.

Mgawo wa chakula nchini Uingereza, yaani kiasi maalumu ambacho kila mtu aliruhusiwa kununua wakati wa vita, ulioanza tarehe 8 Januari 1940 kwa bekoni, siagi na sukari, uliendeshwa kwa karatasi. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgawo na alijiandikisha kwenye duka maalumu, na mwenye duka naye alipata bidhaa kulingana na idadi ya wateja walioandikishwa kwake. Kwa hiyo kitabu cha marehemu kisichorudishwa, au kilichoripotiwa kupotea kumbe kimeuzwa, kiliendelea kutoa siagi iliyo halali kabisa machoni pa karani. Nyama, ilipoingia katika mgawo Machi mwaka huohuo, ilikadiriwa kwa thamani ya fedha badala ya uzito, na mwenye bucha aliyemwekea rafiki yake kipande kizuri hakuacha alama yoyote ya maana daftarini.

Ugumu mkubwa zaidi, ambao hadithi yenu imeuruka, ni kwamba aliyeibiwa hukimbilia polisi, ilhali katika magendo muuzaji na mnunuzi wote wameridhika, na wote wawili wanaweza kushtakiwa wakisema. Ndiyo maana wakaguzi wa Wizara ya Chakula walilazimika wakati mwingine kujifanya wateja, jambo ambalo raia wengi waliliona kuwa ni hila chafu. Mpelelezi anayechukiwa na watu walewale anaowalindia mgawo wao: hapo, kwa maoni yangu, pana hadithi nzito kuliko risasi zote zilizofyatuliwa katika sura ya tatu. (Sina ugomvi na risasi, mradi ziwe na sababu.)

Tena mwandishi alikuwa na ushahidi mkononi akauachia. Mlanguzi wake anaendesha gari lake binafsi usiku wa mwaka 1943, naye mpelelezi anamfuata kwa siku kadhaa bila kushangaa. Tangu Julai 1942 mgao wa kawaida wa petroli kwa magari binafsi ulikuwa umefutwa, wakabaki wenye kibali cha shughuli muhimu, kama vile madaktari. Askari yeyote wa doria angemsimamisha na kumuuliza petroli hiyo ameipata wapi.

Msomaji wenu,
Tanga